Zero ya Masika

Muzee Kambale,

Najua utasema, "Papa Studio, hata huku unanifuata?" Nakufuata. Nimekasirika, na mutu wa kukasirika pamoja naye hayuko tena hapa Majengo. Wengine wananisikiliza dakika mbili, kisha wananiuliza picha zao za pasipoti zitakuwa tayari lini.

Nianze na aibu yangu, ili nipate haki ya kumsema mwingine. Picha yako ya matanga niliitengeneza mimi. Nikaisafisha kama kawaida yangu: nikatoa mikunjo, nikatoa jasho, nikatoa hata lile kovu la kwenye paji la uso, ulilopata ukivunja mawe ya volkano kwa msingi wa nyumba. Wateja wanapendaga hivyo. Mama Masika, mke wako, aliitazama pale katikati ya mishumaa, akauliza polepole, "Huyu ni nani?" Nilirudi studio mbio kukurudishia mikunjo na kovu, na sanduku lako bado liko sebuleni. Mbele ya watu wote, Kambale! Ungecheka mpaka ukohoe.

Tena ungesema ni kosa lilelile. Siku ile ulipoleta kwenye flash picha za darubini ya angani nikuchapishie kwa ajili ya darasa lako, niliziona zimejaa nukta nyeupe na mikwaruzo, nikakuonea huruma. Nikapangusa zote. Nikakupa anga safi, jeusi kama kiatu cha Jumapili. Uliketi kwenye kiti cha wateja ukashika kichwa: "Umeua nyota zangu!" Halafu, kwa subira yako ya kufundisha vichwa vigumu, ukanieleza. Kule juu hakuna hewa ya kuikinga darubini. Chembe ndogo sana zinatoka juani, hasa jua likichafuka, na nyingine zinatoka mbali kabisa, nje ya jua na sayari zake. Zinapenya kwenye kamera na kuacha nukta inayong'aa kama nyota, au mkwaruzo. Kwa picha moja huwezi kuwa na hakika. Ndiyo maana wanapiga sehemu ileile mara mbili, mara tatu. Nyota utaikuta palepale. Alama ya chembe hutaiona tena.

Sasa sikia. Mwalimu aliyechukua nafasi yako ametoa interro, jaribio la darasani. Akachukua mojawapo ya picha zako, zile nilizokuchapishia upya bila kuzipangusa, moja tu, akauliza: kuna nyota ngapi? Binti yako Masika akaandika: "Haiwezi kujulikana. Leteni picha ya pili." Zero! Zero nyekundu, kubwa kama sahani. Na chini yake: "Darubini haidanganyi." Wenzake waliohesabu kila kilichong'aa wamepata alama zote. Kila chembe iliyokuwa inapita njia yake imepewa heshima ya nyota!

Nikaenda shuleni. Nilivaa lile koti ulilosema linanifanya nifanane na padri aliyefukuzwa parokiani. Nikamweleza mwalimu taratibu. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani: "Papa, wewe unapigaga watu picha za kadi. Fizikia umeisomea wapi?" Nilikuwa na jibu. Nikasema "merci", nikatoka. Merci, Kambale! Mutu ananitukana, mimi namshukuru.

Bila alama za interro ile, Masika anatolewa kwenye seksio ya hesabu na fizikia. Mwalimu akamfungulia mlango mmoja: afute ile sentensi, aandike idadi, alama atapewa.

Hapa ndipo nakuomba radhi. Nilimshauri aandike. "Andika tu, mutoto wangu, yaishe." Alikuwa amesimama mlangoni mwa studio, begi mgongoni, vumbi la barabara mpaka magotini. Akasema: "Papa Studio, ungemuambia papa yangu hivyo?"

Ana macho yako yule. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea mwalimu ilinigeukia. Mimi na mwalimu, watu wazima wawili, tulikuwa tunamsukuma mutoto ahesabu vitu ambavyo haviko.

Hakuandika. Karatasi ameirudisha vilevile.

Jumatatu tunakwenda kwa prefe, mkuu wa shule: Masika, mama yake, na mimi nyuma yao. Umeme uliporudi nilichapisha ile picha ya interro na ya pili ya sehemu ileile, kutoka flash yako, kwenye plastiki inayopitisha mwanga, mutu aziweke moja juu ya nyingine dirishani, aone kwa macho yake. Sikugusa kitu, naapa. Kama prefe naye ataniangalia viatu, aangalie.

Pumzika, ndugu yangu. Siwezi kukuahidi kwamba zero itafutwa. Ninachokuahidi ni hiki: wakiniuliza tena fizikia nimeisomea wapi, nitataja jina lako, lote, kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani.

Papa Studio