Nuru Ameukataa Mkono Wangu Wenye Hina

Alhamisi, jioni. Joto halipumui, nami situlii. Nimefagia ukumbi mara ya pili, nimekaa, nimeinuka, nimekaa tena. Mume wangu yuko barazani ananisubiri.

Mume wangu! Bado nikiliandika neno hili natabasamu peke yangu kama mwehu. Salim anauza vinyago mtaa wa Ndia Kuu, na kila adhuhuri hunipigia simu kuniuliza nimekula nini, kana kwamba si yeye aliyenifungia chapati asubuhi. Hina ya harusi bado imekolea, maua mekundu na mistari ya piko nyeusi tangu vidoleni hadi viwikoni. Akinishika mkono huufuata kila ua kwa kidole chake, taratibu, mpaka nasahau nilikuwa nasema nini.

Na hina hiyo hiyo ndiyo inayoninyima raha wiki hii.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya Ganjoni, darasa la watoto wenye usonji. Nimekabidhiwa Nuru, msichana wa miaka tisa. Nuru hazungumzi. Akitaka maji, huushika mkono wangu akauweka juu ya jagi. Akitaka choo, huuweka kwenye komeo la mlango. Hanitazami usoni, wala simlazimishi. Mkono wangu ndio ulimi wake.

Nikaenda kuolewa. Fungate ikaisha. Jumatatu nikarudi darasani nimenawiri, nikamnyooshea mkono, ule ulimi wake, umejaa maua.

Aliusukuma. Akautazama tena, akapiga kelele, akaingia chini ya meza. Kufikia saa sita alikuwa amejikojolea, na kujikojolea alikuwa ameshakuacha kabisa. Jumanne vivyo hivyo. Jana vivyo hivyo.

Mwalimu mkuu si mtu mbaya, lakini sharti la darasa letu ni mtoto awe anaomba choo. Jana alimwita mamake Nuru, akamwambia labda mtoto apumzike nyumbani kwanza. Yule mama akanigeukia mimi.

"Mwalimu, shule ya kwanza pia walisema apumzike. Akapumzika miaka miwili."

Mikono nilikuwa nimeificha nyuma.

Nilipofika nyumbani niliingia jikoni, nikakata ndimu, nikatia chumvi, nikaanza kujisugua. Mama mkwe akanifuma.

"Ndimu hiyo ni ya samaki?"

"Hapana, mama. Naitoa hina."

"Wewe! Bi harusi wajikwaruza kama sufuria iliyoungua? Watu watasema mwanangu amekuchosha upesi hivi!"

Nililia na kucheka kwa pamoja. Ngozi iliniwasha, na halikutoka hata ua moja.

Salim alinipaka mafuta ya nazi huku nikimsimulia. Nikamwambia mtoto amenichukia.

"Hajakuchukia," akasema. "Hata mimi siku ya harusi, nilipoingia kukupa mkono, niliutazama nikajiuliza, ni yeye kweli? Nami nina ulimi wa kuuliza."

Moyo uliyeyuka. Kisha ukanichoma. Walimu wote niliwaalika, mamake Nuru nilimpelekea kadi, lakini Nuru mwenyewe hakuna aliyemwandaa. Aliachiwa kiti kitupu, halafu akarudishiwa mikono ya mgeni.

Leo asubuhi nilimweleza Madam Mwende, mwalimu wetu wa darasa. Nikamwambia nataka kuvaa glavu. Akakataa. "Usimfiche, wala usimlazimishe. Kaa karibu naye, uiache mikono aione."

Nikaiweka mezani. Nuru akaitazama kwa pembeni, akaondoka, akarudi. Akapitisha kidole juu ya ua moja. Akalinusa.

Mapumziko yalipokaribia, akaanza kurukaruka kwa ncha za vidole vya miguu. Nilijua anachotaka. Niliinuka nimkimbize chooni, Madam akanikazia macho.

"Ngoja. Usimsemee."

Nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo, hata siku zile nilipokuwa nikingojea posa ya Salim ije.

Nuru akakamata pindo la mkono wa buibui langu. Akalivuta, akazidi kulivuta, mpaka maua yote yakafunikwa, na vidole pia. Kisha akanishika juu ya kitambaa, akanipeleka hadi mlangoni, akauweka mkono wangu kwenye komeo.

Tuliwahi.

Maua yaliyonipamba kwa mume wangu yamefunikwa na mtoto, nami sijawahi kufurahia kufunikwa namna hiyo! Mamake alipokuja kumchukua nilimwonyesha. Alinishika pale pale, juu ya kitambaa.

Lakini mara moja ni mara moja tu. Mwalimu mkuu amesema kesho atakuja kujionea mwenyewe kabla hajaamua. Je, Nuru ataweza akiona mtu mzima mwingine amesimama mlangoni? Na mimi je? Nitaweza kungoja tena, au woga utanifanya nimsemee?

Salim ananiita, chai inapoa. Buibui lile nimelifua, limekauka, nimelipiga pasi. Kesho bado haijafika, nami nimeshaitundikia nguo mlangoni.