Tuba Nyeusi ya Methuselah

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi cha mpakani, Malaba
Tarehe: 17 Julai 2023, saa tatu na dakika arobaini asubuhi
Jina: Selpha Ajiambo, mjane wa marehemu Methuselah Egesa
Umri: Miaka 71
Kazi: Mkulima, muuza viazi vitamu soko la Funyula
Makazi: Funyula, Samia
Elimu: Darasa la tatu
Mwandishi wa maelezo: Konstebo Vivianne Aluka

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja hapa kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwa sababu nilisikia mmemfungia Oriokot juu ya tuba, na tuba hiyo nilimuuzia mimi. Huyu binti anayeandika ameniambia nianze mwanzo na niache kugombana. Sigombani. Hii ndiyo sauti yangu.

Tuba ni ile tarumbeta kubwa kuliko zote, inayopakatwa mapajani kama mtoto mnene, mdomo wake ukitazama juu. Mume wangu Methuselah aliipuliza katika bendi ya kanisa letu miaka thelathini na mitano. Alikuja nayo nyumbani mwaka wa 1987, mwezi wa nane, imefungwa kwenye keria ya baiskeli. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu, Everline. Wakati huo Methuselah alikuwa mlinzi wa godauni hapa Malaba na alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tuba ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, ile ya kupaka mageti. Nilimuuliza imetoka wapi, akasema, "Wamisheni wamenipa." Nikamuuliza mbona nyeusi. Akasema, "Kuzuia kutu." Sikuuliza tena. Mtu wa darasa la tatu anajua nini juu ya kutu?

Samia yote walimjua kama mzee wa tuba nyeusi. Alisindikiza maiti za matajiri na za walevi, na hakuchukua hata shilingi ya mfiwa. Kwenye kaburi lake tumeandika "Mtumishi Mwaminifu". Maneno hayo niliyalipia mimi, kwa viazi. Andika hivyo hivyo.

Methuselah alifariki tarehe 5 Januari mwaka huu na alizikwa Jumamosi tarehe 14. Zilikuja bendi tatu. Mnamo Jumanne tarehe 17, saa nne asubuhi, tulikaa kwa ajili ya kunyoa nywele. Kwetu, siku hiyo ndiyo mtu yeyote mwenye neno na marehemu husimama akalisema mbele ya watu. Kama ni deni, kama ni ng'ombe, analitaja. Asiyesema siku hiyo amejifunga mdomo, hawezi kuja kesho kusumbua mjane.

Tuba tulikuwa tumeiweka kwenye kiti cha marehemu, karibu na mlango. Mzee wa ukoo alipouliza nani ana neno, mzee mmoja mwembamba alisimama huko nyuma. Alikuwa amevaa koti la mvua, na jua linawaka. Akasema, "Mimi naitwa Akol. Nimetoka upande wa Tororo. Nimekuja juu ya tuba hiyo."

Sikumwacha amalize. Nilidhani ni wale wanaozunguka matanga wakila, halafu wanaomba kitu cha kumkumbuka marehemu. Nilimwambia, "Mzee, wewe hatukujui. Ugali umekula, umeshiba. Kaa chini."

Watu walicheka. Akakaa. Nilipotazama tena, pale alipokuwa hapakuwa na mtu.

Mwezi wa sita Everline aliniambia tuba isiharibike ndani ya nyumba, bora tuitengeneze na kuiuza kwa bei ambayo bendi ndogo inaweza kulipa. Niliona ni maneno ya akili. Mnamo tarehe 6 Juni nilimpelekea Mulama, fundi wa rejeta za magari pale Busia mjini. Mwenye kuziba rejeta anaweza kuziba tuba, yote ni shaba na moto. Nilimwambia anyooshe palipobonyea, azibe matundu, alainishe vile vibonyezo vitatu vilivyoganda, na aondoe ile rangi yote aipake upya.

Alhamisi tarehe 22 Juni, saa tatu asubuhi, alinipigia simu. Nilifika kama saa tano. Mulama alikuwa ameiondoa rangi lakini hajapaka nyingine. Tuba ilikuwa juu ya gunia, inang'aa kama kiini cha yai. Nilishtuka. Miaka yote hiyo nimelala chumba kimoja na kitu ambacho sikujua rangi yake.

Mulama, ambaye huniita kukhu, yaani bibi, akasema, "Kukhu, nani alikuwa anaficha kitu kizuri hivi?"

Nikamwambia hakuna aliyeficha, rangi ilikuwa ya kuzuia kutu. Alicheka mpaka akaweka chini kifaa chake. "Shaba haishiki kutu, kukhu. Chuma ndicho kinashika. Hii rangi ilipakwa na mtu aliyekuwa na haraka."

Halafu akaigeuza akanionyesha tumbo lake, pale panapokalia paja. Kulikuwa na herufi zimekwaruzwa kwa msumari. Mimi sijasoma, lakini herufi nne siwezi kushindwa. A, K, O, L.

Nilikaa juu ya betri kuukuu ya lori.

"Akol ni nani?" Mulama akaniuliza.

"Ni kampuni iliyoitengeneza."

"Kampuni inaandika kwa msumari?"

"Kazi yako ni kulehemu, si kuuliza wazee maswali. Sugua hapo."

Alisugua. Aliweka dawa, akasugua tena. Herufi zilififia lakini hazikutoka, ukiinamisha tuba kwenye mwanga unaziona. Nikamwambia basi, aache, na asipake rangi.

Jumamosi tarehe 1 Julai, saa nane mchana, Oriokot alikuja nyumbani Funyula. Simjui zaidi ya haya: ni mpakiaji wa mizigo ya malori hapa Malaba, na yeye na wenzake wana bendi ndogo ya kupiga mazishini. Mulama alikuwa ameniambia tuba hiyo inafika hata elfu hamsini. Nilimwambia Oriokot elfu kumi na mbili. Aliogopa, akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mama, ina ugonjwa gani?"

"Mgonjwa ni wewe. Puliza."

Alipuliza. Kuku walikimbilia migombani. Mimi niliingia jikoni, na nilipotoka nikasema ni moshi.

Aliniuliza mbona rahisi hivyo. Nilimjibu kwamba kitu cha kuzika watu hakiuzwi kwa tamaa, nataka watu wa kawaida waweze kukinunua. Akashukuru sana, akaniombea na maisha marefu. Akaomba nimwandikie karatasi ya mauzo. Nilikasirika. Nilimwambia, "Mimi ni mke wa Methuselah Egesa. Neno langu ndilo karatasi." Akaenda bila karatasi.

Jana Jumapili, saa tano asubuhi, mke wake anayeitwa Ajiko alinipigia simu. Alisema Jumamosi bendi yao ilikuwa mazishini hapa karibu na Malaba, mzee mmoja akaja akainama chini ya tuba, akaanza kupiga kelele kwamba imeibwa. Mumewe akaletwa hapa. Ajiko alisema, "Mama, ulimwambia neno lako ndilo karatasi. Polisi wanataka karatasi." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Leo nimefika hapa kituoni saa mbili na nusu. Kwenye benchi la mlangoni nilimkuta yule mzee, na koti lile lile la mvua. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumkemea. Alinitambua. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Mama, leo naweza kumaliza?"

Nilimwambia amalize. Waulizeni watu wa Funyula kama hilo limewahi kutokea.

Akamaliza. Alisema mwaka wa 1987 kulikuwa na vurugu kwao, na watu wa kanisa lake walimpa tuba aivushe mpakani isiporwe. Alikuwa kijana, ndiye mpulizaji. Aliivusha kwa baiskeli akaiweka kwa rafiki yake, mlinzi wa godauni, akarudi kuchukua mama yake. Aliporudi baada ya miezi mitatu, rafiki yake alimwambia askari wameichukua. Rafiki huyo ni Methuselah wangu. Hakujua ukweli mpaka Januari hii, habari za msiba wa mzee wa tuba nyeusi zilipomfikia. Kanisani kwao hawakumwamini. Walisema ameiuza akanywa pombe, wakamfukuza kwenye bendi. Mke wake alipofariki hakuna aliyekubali kuja kumpigia. Akaniambia, "Tulimzika kimya, mama, kama mbwa."

Mume wangu alizikwa na bendi tatu.

Binti ameniuliza kama Methuselah aliwahi kuniambia habari hizo. Hapana. Ameniuliza kama nilijua wakati wa kuuza. Hapa ndipo nilipotaka kunyamaza. Nilijua. Si yote, lakini nilijua ile siku ya betri kwa Mulama, kwa sababu mzee alitaja jina lake nyumbani kwangu na mimi nikamkalisha. Bei nilimshushia Oriokot ili tuba itoke upesi nyumbani, isinitazame. Ile habari ya watu wa kawaida nilimdanganya. Yeye hana kosa hata chembe. Elfu kumi na mbili zake nimekuja nazo, nimezifunga hapa kwenye leso.

Methuselah, umenivua nguo mbele ya askari, na mimi nimekuvua yako. Nikirudi nitaona la kufanya na lile jiwe la kaburi.

Kwa kuwa siku ya kunyoa nilimkatiza mwenye neno, namsemea leo: mimi Selpha Ajiambo, mke wa Methuselah, nasema mbele ya watu kwamba tuba hii ni ya Akol na kanisa lake, na mume wangu hakupewa na mtu.

Nimesomewa yote niliyosema. Ni yangu, na sirudishi hata neno moja.

Sahihi: Selpha Ajiambo (ameandika kwa mkono wake, amekataa kuweka alama ya kidole)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, naye ameyakubali. Oriokot ameachiliwa saa tano na dakika kumi na kurudishiwa pesa zake mbele yangu. Tuba imewekwa kuwa kielelezo hadi taratibu za kumkabidhi mlalamikaji zikamilike. Shahidi ameagiza pia iandikwe kwamba maneno yake ya mwisho aliyatoa akiwa amesimama, na kwamba kwenye kiti chake alimkalisha Mzee Akol.

Konstebo V. Aluka