Kijiji Wanachonisifia Georgetown

Georgetown, Guyana

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Salamu zangu zivuke maji yote haya zikukute hapo shambani Masaki ukiwa mzima, wewe na baba. Kifua chake kinaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Uliniuliza nchi hii ikoje. Pwani yote ni tambarare ya matope. Mji uko chini ya usawa wa bahari, wamejenga ukuta kuizuia, na nyumba ni za mbao juu ya nguzo. Bahari yenyewe ni ya kahawia kwa tope la mito. Misimu ya mvua ni miwili kama kwetu, ila huku ikianza inanyesha kwa ugomvi. Watu wengi ni Wahindi, ambao babu zao waliletwa kukata miwa, na Waafrika, ambao babu zao waliletwa utumwani. Wenyeji wa asili wako mbali msituni na lugha zao. Mjini wanasema Kiingereza chao wenyewe, ambacho sisi shuleni hatukufundishwa. Unakutana na mtu sura ya mjomba kabisa, unamwambia habari za asubuhi, anakukodolea macho. Siku ya kwanza niliumia sana.

Sasa barua yako. Unasema lori la serikali la kuhamishia watu kijiji cha ujamaa limekuja mara mbili, na baba amekaa mlangoni anawaambia, "Nendeni nyie. Mikorosho yangu haipandi lori." Wakirudi watabomoa nyumba, ndiyo maana unataka mimi mwanawe wa kiume nimwandikie neno.

Dada, barua hiyo niliipata asubuhi, na mchana nilipangiwa kuhutubia hapa chuoni ninakosoma. Huku Mtanzania hapumziki, kila siku ni tueleze vijiji vya ujamaa. Nikawaeleza bomba la maji, zahanati, shamba la pamoja. Wakapiga makofi. Kisha bibi mmoja wa Kihindi, mkata miwa wa zamani, akasimama.

"Na baba yako, mwanangu, anakaa kijiji hicho?"

Walimu wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo, mama. Na amefurahi."

Nina hasira, dada, na sijui nimkasirikie nani.

Nisalimie shangazi aliyetulea, shemeji fundi baiskeli na mwalimu wetu wa madrasa. Baba mwambie afungashe virago apande hilo lori. Mimi huku nimekwisha kumhamisha, mbele ya watu.

Mdogo wako mwenye uchungu,
Ramadhani