Namba ya Hospitali

Iringa, Alhamisi

Na waya niliuhamisha mimi, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Mtambo mpya wa simu ulipofungwa, hospitali ilibaki na namba yake ya zamani, ishirini, ambayo mji mzima unaijua, mpaka Ipogolo. Bwana mkubwa mmoja akaitaka nyumbani kwake, eti ni rahisi kukumbuka. Nikahamisha waya mtamboni, nikampa. Hospitali nikaipa sitini na saba.

Leo kaniita ofisini kwake kulalamika. "Ndugu fundi, wagonjwa wako wananisumbua! Jana mmoja kapiga mara nne, analia, mke wake anatoka damu. Nikamwambia hapa si hospitali, nikakata."

"Ulimpa namba mpya, mzee?"

"Kwani mimi ni opereta?"

Nikamwomba turudishe namba ya zamani. Akasema watu watazoea.

Huyo mwanamke simjui. Sijui hata kama... Jioni nilikuwa nawaangalia usoni wanaume wote niliopishana nao njiani.

Kuurudisha ule waya ni kazi ya dakika mbili. Mimi pale ofisini nilijibu, "Ndiyo, mzee," nikatoka, nikaufunga mlango wake polepole usije ukagonga.