Uwaambie Unajua

Mjukuu wangu Rahma,

Assalaam alaikum, huko Dar es Salaam. Sisi hapa Jadida wazima, alhamdulillah. Shangazi yako kaanika karafuu uani, na harufu imejaa mpaka chumbani mwako, ambamo sijamruhusu mtu mwengine kulala.

Umeniuliza vipi utaandika habari zako kwenye maombi ya ufadhili wa masomo bila ya kuonekana unajisifu. Basi nisikilize.

Nilipokuwa msichana, walikuja wageni kutoka Bara kuchagua wa kupeleka chuo cha ualimu. Mmoja akaniuliza, "Hesabu unazijua?" Darasani mimi ndiye niliyekuwa nikiwaelekeza wenzangu. Lakini kwa nilivyolelewa, niliinamisha macho nikasema, "Sijui kitu, mwalimu." Mtu wa kwetu angecheka, akaniuliza tena. Yule mgeni alinishukuru vizuri, akamwita mwengine.

Sikumlaumu. Alinisadiki tu. Lakini mpaka leo nikisikia kengele ya skuli, miguu yangu inataka kwenda.

Hao watakaosoma maombi yako hawakujui, mwanangu. Waambie kuwa fizikia unaijua, na kwamba watoto wa mtaa wetu uliwasomesha wewe, hapa barazani kwangu. Huko si kujisifu, ni kujibu ulichoulizwa.

Kisha siku ukirudi, inshallah, nitakukalisha jikoni nikuulize umejifunza nini. Hapo ndipo uniambie, "Sijui kitu, bibi."

Mimi nitacheka, nikuulize tena.

Bibi yako,
Time