Jino la Kupimia Kahawa

Alhamisi. Ukungu mpaka saa nne.

Shajara, leo nimejifunga shali mpaka masikioni, na watu wamedhani ni baridi ya Mbinga. Si baridi. Ni shavu.

Mimi ni karani wa kupokea kahawa katika chama chetu cha ushirika huku Namswea. Ukavu tunaupima kwa meno: unang'ata punje, ikiwa ngumu unapokea, ikibonyea, mwenye kahawa anarudi nayo kuianika. Miaka tisa hakuna aliyebishana na meno yangu.

Msimu huu mnunuzi binafsi ameweka mizani mkabala na ghala letu. Kila asubuhi mwenyekiti ananiuliza mbona foleni iko kule. Naumanisha meno tu. Mume wangu anasema hata usingizini nayasaga, na sasa analala na kofia ya sufu imemfunika masikio. Mswaki nao, kwa mawazo hayo, nausahau.

Ndani ya wiki mbili nimewarudisha wakulima wengi, baba mkwe peke yake mara tatu. Nang'ata kahawa yake, nasikia inabonyea.

"Bado mbichi, baba."

"Haya, mwanangu." Anajitwisha gunia, anapita mbele ya ile mizani bila kuitazama.

Leo fizi imetoa damu kwenye punje ya mkulima, nikakimbilia kwa daktari wa meno mjini. Ni binti mdogo tu. Akaligusa jino langu la kung'atia, likacheza. Akasema fizi zimevimba, na huko kusaga meno kwa msongo wa mawazo kunazidi kulilegeza. Akaniuliza nina mawazo gani. Nikasema kahawa.

Ndipo nikaelewa. Kilichokuwa kinabonyea ni jino.

Ile foleni niliyokuwa naisagia meno, kumbe naijaza mwenyewe.

Nimeshuka kwenye gari moja kwa moja hadi kwa baba mkwe. Nimemkuta kwenye kichanja cha kuanikia, anaigeuza kahawa ile ile. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikakiri yote.

"Mimi nilidhani umenichukia," akasema.

Nimeona aibu kuliko siku zote za ndoa yangu. Kisha akaing'ata punje moja, ikalia kama changarawe.

"Ukiirudisha tena, mwanangu, tutaijengea msingi wa nyumba."

Nikacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kesho gunia lake litapokelewa la kwanza, na nimemwomba aning'atie punje za wengine mpaka nipone. Mwenyekiti lazima aambiwe ukweli, hata kama kazi itaondoka.

Ila nitamwambiaje bila kuumanisha meno?