Farasi wa Bwana Hirji

Wawi, Jumapili, masika ya 1936

Mvua tangu alfajiri. Nimerudi nimerowa chapachapa, lakini roho yangu kwatu. Roho imeshiba.

Mwaka jana, kwenye mashindano ya sataranji ya klabu yetu pale Chake, niliiweka ngome pasipo pake, nikamwomba Bwana Hirji, muuza nguo, aniachie niirudishe. Akakataa mbele ya watu. Akasema mkono ukishaachia umeachia, na mimi niende zangu nikacheze bao. Nikafungwa. Tangu siku ile naitwa Bwana Mkono, ofisini na hata kwa shemeji zangu. Mke wangu huulizwa sokoni kama Bwana Mkono hajambo.

Mwaka mzima nimemwekea kinyongo. Naandika bila haya.

Leo tumepangwa pamoja tena. Alinibana vibaya, mpaka askari wake mmoja akapenya hadi mstari wa mwisho upande wangu. Sheria ya klabu ni kwamba askari akifika huko unambadilisha kwa kete uitakayo, na kila mtu huchukua waziri, maana ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Lakini Bwana Hirji alifunzwa na marehemu baba yake kwa mtindo wa zamani wa Kihindi: askari hugeuka kete ile ambayo mchezo unapoanza hukaa kwenye safu aliyofikia. Safu ile ilikuwa ya farasi. Mkono wake ukamchukua farasi, ukamweka, ukaachia.

Ndipo akatanabahi. Kijasho kikamtoka na baridi yote ile. Akaniomba, kwa upole kabisa, nimruhusu aweke waziri.

"Mkono ushaachia, Bwana Hirji," nikamwambia. "Nenda kacheze bao."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema Bwana Mkono sasa ni mwingine. Hatua sita baadaye mfalme wake hakuwa na pa kukimbilia.

Nilitamani sana anune.

Hakununa. Alinipa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yake asingeona kosa lolote katika farasi yule. Akanialika kwake Ijumaa, tule, kisha tucheze kwa sheria za mzee wake.

Njia nzima nimejaribu kumhurumia. Imenishinda.

Ijumaa nitakwenda. Nitakula chakula chake, nitamshukuru mkewe, kisha nitamfunga kwa sheria za baba yake.